Ngoma Iliyokuwa Ikingoja Jibu

Hadithi ya mtoto aliyesahau kombe lake mwambani mnaijua nyote, msijifanye. Wasichana walikwenda pwani kuokota makombe, mmoja akaliweka lake zuri juu ya jiwe, akalisahau, akarudi peke yake kulichukua, na akakuta zimwi limekaa juu ya jiwe lile. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye mji kwa mji. Likipiga, mtoto anaimba, na watu wanalilisha zimwi kwa furaha ya kusikia ngoma yenye sauti ya mtu. Siku moja likafika mji wa kina mtoto, mama akaitambua sauti ya mwanawe, wakalishibisha zimwi mpaka likalala, wakamtoa mtoto, na ndani ya ngoma wakatia nyuki. Aliyekusimulieni hivyo alikuwa na haraka ya kukulazeni, wala simlaumu. Lakini mambo mawili hakukwambieni. Kombe halikuwa la yule mtoto. Na aliyeitambua sauti hakuwa mama, maana mama alikwisha kufa zamani, amezikwa Maskati.

Aliyeitambua ni Bi Bakhita wa Al Hail, mtaa wa huko huko Maskati, mwanamke wa miaka sabini na mbili, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali, ambaye siku hiyo hakutaka hata kutoka nyumbani. Harusi ilikuwa Al Amerat, nyuma ya milima, na binti yake Taghreed ndiye aliyemlazimisha apande gari. Njia nzima Bi Bakhita alilalamika: kiyoyozi baridi, kona nyingi, na watu gani hawa wanaoolea mbali hivi. Walifika baada ya sala ya alasiri, wakakaa uani na wanawake wenzao chini ya hema, wakaletewa kahawa na halua.

Wapigaji walikuwa wametoka Quriyat. Mkubwa wao alikuwa na ngoma ndefu ya kufika kifuani, imewambwa ngozi juu na chini, nene kiasi cha mtoto kujificha ndani. Alipoipiga mara mbili kwa kiganja, ngoma ikaimba. Si kulia, ikaimba kwa maneno, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike:

*Maji yamefika wapi, dada?*
*Kombe lako nnalo.*
*Maji yamefika wapi?*

Kisha ikanyamaza. Ilinyamaza kwa muda mrefu kuliko nyimbo zinavyonyamaza, na wanawake, wakidhani ndio ufundi wenyewe, wakaujaza ule ukimya kwa vigelegele. Ngoma ikaanza tena tangu mwanzo.

Finjani ya Bi Bakhita ilianguka, kahawa ikamwagikia abaya yake.

"Kheri, mama?" Taghreed aliuliza.

"Hiyo sauti."

"Wametia spika ndani, mama. Ndo mtindo wa siku hizi."

Wanawake wengine walikuwa wanausikiliza wimbo, Bi Bakhita alikuwa anausikiliza ule ukimya, kwa sababu aliujua ni wa nani. Ulikuwa wake yeye.

Mwaka ule wa mapinduzi Unguja, Bakhita alikuwa na miaka kumi na moja, mdogo wake Mahfoudha miaka saba. Asubuhi moja walitumwa pwani wasije wakawazuia watu waliokuwa wakifunga masanduku ya kukimbilia Maskati. Majabali ya pwani ile yalikuwa makubwa, mtu akiwa upande huu hamwoni wa upande wa pili, kwa hiyo walikuwa na mchezo wao wa kutopotezana. Mdogo anauliza kwa wimbo, maji yamefika wapi, na mkubwa anajibu: yamefika kifundoni, na mimi nipo. Maji yakipanda, jibu linapanda: yamefika gotini, na mimi nipo. Yakifika kiunoni wanatoka. Jibu hilo hawakumfundisha mtoto mwengine yeyote.

Walipokuwa nusu ya njia kurudi, Bakhita akakumbuka kwamba kombe lake, lile la waridi, amelisahau juu ya jiwe. Jua lilikuwa kali naye amechoka. Akamwambia mdogo wake nenda kanitwalie, ntakungoja hapa hapa. Mahfoudha akaenda mbio, kwa sababu kutumwa na dada ilikuwa heshima kubwa. Na Bakhita hakumngoja. Alisikia nyundo zikigongomea masanduku, akaogopa kwamba anakosa jambo, akakimbilia nyumbani. Mama alipouliza mwenzio yuko wapi, alijua atachapwa kwa kumwacha mtoto peke yake, akasema yuko kwa shangazi. Watu waliondoka kwa magari mawili, la mama na la shangazi, na kila gari likaamini kwamba Mahfoudha yumo kwenye jengine. Meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga walipohesabiana.

Mama yao aliishi miaka thelathini zaidi, na katika miaka hiyo yote hakula samaki, kwa kuwa aliamini bahari ndiyo iliyomla mwanawe. Bakhita naye hakula. Watu wakasema ni huzuni, na yeye akawaacha waseme hivyo. Ukweli hakumwambia mama, wala mume, wala Taghreed. Ila alikuwa na maneno aliyoyaweka, ameyapanga na kuyapangua mpaka yakawa machache: *Mie ndo nlokutuma, Mahfoudha, na mie ndo nsokungoja.* Hayo tu. Alitaka kuyasema mara moja mbele ya mwenyewe, kisha Mungu afanye apendavyo.

Wimbo ulipokwisha alinyanyuka, magoti yakilia, akamfuata mwenye ngoma pale alipokuwa akijipepea. Alikuwa mtu mrefu, kanzu yake nyeupe haina hata kunyanzi moja, na kinywani ana meno mengi kuliko mtu anavyohitaji. Alisema jina lake Sleiman.

"Ngoma yako nzuri, mwanangu. Umeipata wapi?"

"Pwani ya kwenu, bibi. Nilikuwa nimekaa zangu juu ya jiwe, akanijia mtu mwenye sauti nzuri." Akacheka. "Wengi wanaipenda. Lakini toka hapo inauliza, na sijapata kumwona anoijibu."

Ulimi wa Bi Bakhita haukuwa umezoea kushindwa. "Ijumaa njoo ule kwangu, Al Hail. Uje nayo."

"Mie mwaliko sikatai, nna njaa ya zamani." Sleiman aliipapasa ngoma. "Ila nkwambie kabisa, bibi, tusije tukalaumiana. Ngoma yangu hailali tupu."

Siku ile ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Bakhita alimweleza mtu. Alimweleza Paulina, mwanamke wa Sengerema aliyemfanyia kazi mwaka wa nne sasa, wakiwa jikoni wanachagua mchele. Kwa nini Paulina na si mwanawe? Kwa sababu mbele ya Taghreed alikuwa mama mwenye kuheshimiwa, na mbele ya Paulina alikuwa bibi mwenye kuogeshwa, ambaye hana tena cha kuficha. Paulina alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole wala hakusema umeota.

"Bibi, hiyo hadithi hata kwetu tunayo," alisema. "Ila yetu alitiwa kwenye gunia. Mwishoni wanaweka nyuki."

"Nyuki ntawatoa wapi mie, Al Hail?"

"Basi majivu. Majivu ya mkaa tunayo kibao." Alisogeza ungo pembeni. "Na kufungua ngoma najua. Baba alikuwa anawamba ngoma za parokia. Ngozi kavu ukiilazimisha inapasuka. Unailowesha kwanza na maji ya uvuguvugu, kamba zinalegea zenyewe."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini ingekuwa ni Belinda wangu yuko mle, ningeifungua kwa meno." Belinda alikuwa bintiye, ana miaka minane, analelewa na bibi yake Sengerema, na Paulina hakuwa amemshika mkono tangu akiwa na minne.

Ijumaa, Taghreed alikwenda kwa wakwe zake kama kawaida, na baada ya sala Sleiman akashusha ngoma yake kutoka kwenye pikapu. Alikula. Jamani, alikula! Sinia la wali na mbuzi wa kuoka lililopikwa kwa watu kumi alilimaliza peke yake, akaomba msamaha kwa adabu, akaulizia kama limebaki. Akaletewa la pili. Mifupa hakuitoa, Paulina aliisikia ikikatika akiwa mlangoni, akapiga ishara ya msalaba. Baada ya sinia la tatu na birika zima la maziwa ya zafarani, mgeni alisema kwamba chakula kama hiki kinamtaka mtu alale kidogo. Akajinyoosha pale pale kwenye zulia la majlisi, chumba cha wageni, akailaza ngoma ubavuni mwake, kiganja juu ya ngozi ya juu, akakoroma.

Kila baada ya muda vidole vyake viligonga mara mbili, usingizini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Na kila vilipogonga, ndani ya ngoma mtu akaguna. Bi Bakhita alipousikia ule mguno kwa karibu alijiziba mdomo kwa mtandio.

Paulina alipiga magoti upande wa chini wa ngoma akiwa na beseni. Alilowesha ngozi kwa kitambaa, akangoja, akalowesha tena, akaanza kulegeza kamba moja baada ya moja, bila haraka, akivuta hapa na kupumzisha pale. Ngozi ilipoachia, harufu ya bahari ilijaa chumba kizima. Akaingiza mikono yote miwili na kumtoa mtoto.

Alikuwa vile vile. Hilo ndilo Bi Bakhita asilolitazamia. Miaka sitini na moja alikuwa akimfikiria amekua, ana mvi, ana hasira. Kumbe Mahfoudha alikuwa mtoto wa miaka saba, gauni lake la maua, nywele zimeshikana kwa chumvi, ngumi ya kulia imefumba. Alifumbua macho nusu, akamtazama bibi kizee aliyeinama juu yake, na hakuona mtu anayemjua.

"Mie," alianza Bi Bakhita.

Vidole vya Sleiman viligonga mara mbili.

Ngoma haikuguna. Sleiman akakunja uso. Paulina, haraka haraka, alimimina majivu ndani kwa mkono mmoja, mtoto amempakata kwa mwengine. Vidole vikagonga tena. Majivu yakanyamaza kama majivu yanavyonyamaza. Kope za Sleiman zikaanza kucheza.

Bi Bakhita alielewa. Alikuwa na pumzi moja na mahali pawili pa kuitia. Angeweza kumwambia mdogo wake maneno yake, yote aliyoyaweka, na kabla hayajaisha Sleiman angekuwa amekaa kitako, na mtoto angerudi kule kule akiwa ameujua ukweli. Au angeweza kuijibu ngoma.

Alimwashiria Paulina ampeleke mtoto jikoni na kufunga mlango. Kisha akajiteremsha kwa magoti yake mabovu, akaingiza uso kwenye ule uwazi, akaimba.

*Yamefika kifundoni, na mimi nipo.*

Aliisikia sauti yake ikimtoka na kukaa humo ndani. Haikurudi. Akaimba gotini, na sauti ikatoka nyengine. Akaimba kiunoni, pale ambapo zamani walikuwa wanatoka majini, na hakutoka. Akaimba kifuani. Akaimba shingoni, na hapo ilitoka pumzi tu, lakini ngoma ilikwisha shiba. Paulina alirudi, akaivuta ngozi, akaikaza kamba kama babake alivyomfundisha, machozi yakimdondoka juu ya mikono, kisha akarudi jikoni kwa mtoto.

Sleiman aliamka ametulia. Alijinyoosha, akaisimamisha ngoma yake, akaipiga mara mbili. Na kwa sauti si ya bibi kizee, bali ya msichana wa miaka kumi na moja, sauti iliyokaa bila kutumika tangu siku ile njiani, ngoma ikaimba: *Yamefika kifundoni, na mimi nipo.*

Alimtazama Bi Bakhita, akayatazama majivu kwenye vazi lake, akaonyesha meno yake yote.

"Miaka yote hii ilikuwa inauliza tu," alisema. "Sasa inajibu. Watu watafurahi. Ahsante kwa chakula, bibi."

Njia nzima ya kutokea uani aliipiga ngoma kwa furaha, kisha akaipakia kwenye pikapu. Ndipo ukelele ukatoka jikoni.

"Dada!"

Mahfoudha alimponyoka Paulina, akakimbia miguu mitupu mpaka langoni, akaiona pikapu ikikata kona. Alilia kilio cha kugaagaa chini. "Dada'angu yumo mle! Nimemsikia! Kaingia kunitafuta, yule mtu kamchukua!"

Paulina alimnyanyua, akamgeuza uso. "Dada yako huyu hapa, mwanangu. Ndiye huyu."

Mtoto alimtazama Bi Bakhita, aliyekuwa amefungua mikono na kinywa, na kinywani hamtoki kitu. "Huyu bibi," alisema. "Dada'angu ana miaka kumi na moja."

Daktari hakuona ubovu wowote kooni. Bi Bakhita alimwandikia Taghreed kila kitu, kurasa tatu za Kiarabu, na Taghreed akazisoma wima, akarudia kuzisoma akiwa amekaa. Aliamini alipomwona mtoto usoni, kwa sababu ulikuwa uso wa bibi yake kwenye picha ya ukutani. Yeye naye alijaribu kumweleza Mahfoudha, mara nyingi, kwa maneno mazuri. Mahfoudha alimsikiliza kwa adabu na akamhurumia. Mtu mzima na akili zake, hajui kwamba watoto hawawi wazee kwa asubuhi moja!

Alikuwa mtoto mwepesi kwa kila jambo jengine. Alipenda lifti, aliogopa mashine ya kufulia, alizungumza na Belinda kwenye simu ya Paulina wakawa marafiki. Lakini ngumi ya kulia hakuifumbua, hata akiogeshwa. Na kila alasiri alitaka apelekwe ufukweni. Bi Bakhita ndiye aliyempeleka, polepole, mkongojo mkono mmoja. Mahfoudha alisimama pale maji yanapokomea, akaimba, *maji yamefika wapi, dada*, kisha akanyamaza akisikiliza. Bi Bakhita alisimama nyuma yake hatua tatu, maji yakimlowesha kifundoni. Midomo yake ilijibu kila siku. Alitamani sauti ile moja tu, hata ya kukwaruza, kuliko alivyopata kutamani kitu chochote duniani, na mtoto hakugeuka nyuma.

Nywele ndizo zilizobaki hazijachanwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Alisema dada atazisuka akirudi. Zikazidi kushikana, mpaka siku moja zikaanza kumuuma, akaja mwenyewe na kitana, akakaa chini barazani, katikati ya magoti ya Bi Bakhita. "Sio sana, bibi," alisema. "Kidogo tu, mpaka aje."

Bi Bakhita alizilainisha kwa mafuta ya nazi, akazichambua chumvi, akagawa njia kwa ncha ya kitana, akaanza kumsuka twende kilioni, kama mama alivyomfundisha kwa kichwa hiki hiki. Alianzia kushoto. Karibu na sikio alikaza mno; ndio kosa lake la tangu utotoni, mama alimgombeza nalo na hakuliacha.

"Ai!" Mahfoudha akashika sikio. Kisha akatulia. "Dada'angu naye ananivuta hapo hapo."

Mikono ya Bi Bakhita ilisimama. Mtoto hakugeuka. Alikuwa akiitazama ngumi yake, na akaifumbua, kidole kimoja kimoja, kwa shida, maana vidole vilikwisha kuzoea. Akanyoosha mkono nyuma ya bega bila kuangalia.

"Nshikie, bibi, mkono umechoka. Dada akija mpe wewe." Kombe la waridi likatua kwenye kiganja cha Bi Bakhita, la moto kwa kushikwa. "Na umwambie anisamehe. Mwambie nlichelewa."

Bi Bakhita alifungua kinywa. Barazani ikasikika mashine ya kufulia tu. Halafu akaliweka kombe mapajani mwake, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea kusuka, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa bado.